Kupiga Kafi Katika Ziwa la Bujagali

Sisi ni watu tuliozaliwa pwani ya Tanga, na kafi tulilishika mkononi kabla hatujamaliza Juzuu ya Amma. Lakini yapata miaka ishirini na ushei sasa tunasomesha watoto Kurani katika mji wa Jinja, nchini Uganda, pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria, na hapo ndipo tulipotambua kuwa si maji yote yenye tabia moja. Maji ya bahari yana chumvi, nayo humwinua mtu. Maji ya ziwa ni matamu, na humwinua kwa uchache. Baharini mvuvi huhesabu bamvua na maji mafu kwa mwezi. Ziwani hakuna hesabu hiyo, kuna upepo tu, nao hauna kalenda. Basi mtu wa pwani akijigamba kuwa maji ni maji, sisi humwambia apunguze.

Ziwa tunalotaka kulieleza si Viktoria lenyewe, bali ni dogo lililo chini yake, nalo limefanywa na watu. Kazi ya kuyazuia maji hapa ilianza zamani. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza aliufungua ukuta wa umeme wa Owen Falls, ambao leo huitwa Nalubaale, na maporomoko ya Ripon yakazama. Tangu hapo maji yote yanayotoka Viktoria kwa njia ya Nile hupita katika milango iliyojengwa na watu, hata wako waihesabuo Viktoria nzima, pamoja na ukubwa wake wa karibu kilomita za mraba 69,000, kuwa ni moja katika mabwawa ya dunia. Kisha ukajengwa ukuta wa Bujagali, kiasi cha kilomita 8 chini ya ule wa kwanza, wenye nguvu ya megawati 250, nao ukafunguliwa mwaka 2012.

Maporomoko ya Bujagali sisi tuliyawahi yangali yakinguruma. Walikuwapo vijana wa pale pale ambao wakijitupa katika povu hali wamekumbatia dumu tupu la plastiki, wapate bakshishi ya watalii, nasi tulikuwa tukifumba macho hata watokeze upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2011 maji yalipanda nyuma ya ukuta, yakayafunika yote. Waliopoteza riziki yao, na Wasoga waliopahishimu mahali pale kwa mila zao, walilalamika, na haki yao ya kulalamika hatuikanushi. Lakini pale palipokuwa na ngurumo leo asubuhi pametulia kama birika la kutawadhia, na kwa sababu hiyo mtu asiyejua lolote aweza kujifunza kafi hapo.

Vyombo vyenyewe ni viwili. Cha kwanza ni kayaki, mtumbwi mwembamba ambao asili yake ni kwa watu wa nchi za barafu za kaskazini, waliokuwa wakiuwamba kwa ngozi za sili na kuwindia baharini. Siku hizi hufanywa kwa plastiki. Kafi lake lina bapa huku na huku, nawe huchota kushoto na kulia pasipo kuhamisha mikono. Ziko za kuingiza miguu ndani na ziko za kukaa juu yake wazi, na kwa mwanafunzi hii ya kukaa juu ndiyo bora, kwani akianguka hakuna kinachomshika. Chombo cha pili ni ubao mpana wenye pezi chini yake, ambao mtu husimama juu na kupiga kafi refu la bapa moja. Mzee mwenzetu mmoja alipouona mara ya kwanza aliuliza matengo yake yako wapi. Tukamwambia hauna, matengo ni magoti yako.

Mwezi wa Desemba mwaka 2023, shule zilipofungwa, vijana kumi na wawili wa madrasa yetu walituomba tuwapeleke. Hatukukubali mpaka tumekwenda kila nyumba kuomba idhini ya wazazi. Nyumba kumi na moja zilikubali, nyingine kwa furaha na nyingine kwa kununa. Katika nyumba ya kumi na mbili mama wa kijana alitukaribisha, akatupa chai, akasikiliza maneno yetu hata yakaisha. Kisha akasema, "Maalim, maji yalikwisha kutuchukulia mmoja. Wa pili siwapi." Ndugu yake alikuwa mvuvi wa Viktoria, mtu mwenye kuyajua maji kuliko sisi sote, naye alizama usiku mmoja katika upepo, hana jaketi kifuani.

Hatukumwambia kuwa ajali ni kadari, ingawa ni kweli, kwani mwenye msiba huyajua hayo kabla ya mwenye kumfariji. Tulimwambia kwamba kijana wake anaishi baina ya ziwa na mto, na kwamba akikatazwa kafi hatakatazwa maji. Siku moja atapanda mashua ya mtu, au atamfuata mwenziwe kuogelea, na siku hiyo atakuwa hajui la kufanya akianguka. Tukamwomba aje naye akae ukingoni, aone kwa macho yake, kisha aamue.

Akaja, amechukua mkeka wake.

Jambo alilolitazama zaidi lilikuwa jaketi la kujiokolea. Walimu wa kafi, vijana wazaliwa wa kando ya mto ule ule, walimfunga kila mmoja, kisha wakamshika mabegani pa jaketi wakamvuta juu. Jaketi likipanda masikioni, kubwa hilo, livuliwe, apewe jingine. Watatu walibadilishiwa. Yule mama alisimama akaenda kumvuta mwanawe yeye mwenyewe, mara mbili.

Halafu hawakuanza na kwenda. Walianza na kuanguka. Hili ndilo lililotupendeza. Katika maji ya kifuani kila mmoja aliipindua kayaki yake kwa makusudi. Akaambiwa asiiache, wala asijaribu kuogelea kwenda nchi kavu, kwani chombo huonekana mbali na kichwa cha mtu hakionekani. Aigeuze, ashike ukingo wa pili, apige miguu kama chura, ajivute mpaka tumbo lilale juu yake, kisha ajigeuze akae. Waliofanya hayo mara tatu nyuso zao zilibadilika. Hofu iliwatoka, ikaingia akili. Na kwenye ubao, ambao kamba yake hufungwa mguuni usikukimbie, mtu hupiga magoti kwanza, asimame baadaye, miguu iwe sambamba, magoti yalegee, na macho yatazame mbele. Atazamaye miguu yake huifuata majini. Akiona anaanguka, ajitupe mbali na ubao, chali au kifudifudi, asijitose wima, kwani katika ziwa la bwawa hujui ni kisiki gani kilichozama chini yako.

Katika kayaki ya watu wawili, wa omoni ndiye atoaye mwendo, na wa tezi humfuata na kuishika njia. Tuliwaweka ndugu wawili wa tumbo moja katika chombo kimoja, wakazunguka pale pale kama jiwe la kusagia, kwani wote wawili walitaka kuwa imamu na hakuna aliyekubali kuwa maamuma.

Wazazi watakaopenda kuwapeleka watoto wao wayajue na haya. Wakati mzuri ni baada ya jua kuchomoza. Kadiri mchana unavyosonga, upepo hutoka ziwani na mawimbi huinuka, hivyo sisi huwa tumekwisha rudi kabla ya Adhuhuri. Waanze safari kwa kwenda joshi, yaani kule upepo utokako, ili wakichoka upepo uwarudishe nyumbani badala ya kuwapeleka mbali. Ukuta wa bwawa hausogelewi hata kidogo, kwani maji yaliyo mbele ya milango yana mvuto ambao hauonekani juu. Ama mavazi, kanzu na buibui haviwezekani, kwani nguo pana ikilowa huwa nzito na huifunga miguu. Suruali pana kiasi, shati refu la mikono, na mtandio uliofungwa nyuma ya shingo hutosha, na stara haikupungua. Siku ya wasichana tuliomba mwalimu mwanamke, tukampata.

Na kichocho kisisahauliwe. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wa penye majani kando ya maji, navyo hupenya ngozi ya mtu. Tuliwafanya wateremke palipo peupe pasipo majani, na walipotoka wakajifuta papo hapo kwa taulo. Baada ya miezi miwili tuliwapeleka wapimwe, kwani kupima mapema hakuonyeshi kitu; wawili walionekana nacho, wakapewa vidonge vya prazikwanteli, wakapona. Huenda walikuwa nacho tangu zamani, kwani nani katika mji huu hajaoga mtoni?

Yule mama alikaa mkekani mpaka mwisho. Mwanawe alipindua na kupanda kayaki mara tano, hali mama anahesabu kwa vidole. Walimu walipotaka kuwapeleka vijana katikati ya ziwa, alisema hapana, huyu amekwisha tosheka kwa leo, nasi hatukumshikilia. Kijana alinuna kidogo, kisha akasaidia kubeba makafi.

Tangu hapo tumekuwa tukienda Jumapili moja ya kila mwezi. Kijana huja nasi, mama ameruhusu maji ya kifuani, katikati hajaruhusu. Jioni ya siku hiyo hutuma mtu kutuuliza walikwenda wangapi na wamerudi wangapi, nasi humpelekea hesabu kabla ya Magharibi.