Mkono wa Kulia Ulipogoma

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea, nakuomba uliweke gazeti chini kwa dakika moja tu. Inua mikono yako mbele ya kifua, kunja viwiko, kisha ugusanishe migongo ya viganja huku vidole vikielekea sakafuni. Tulia hivyo. Je, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimeanza kufa ganzi au kuwashawasha kana kwamba vimeguswa na upupu? Ikiwa la, mshukuru Mola. Mimi nilipoagizwa kufanya hivyo, sikutimiza hata nusu dakika.

Hayo yalitukia katika chumba cha daktari mmoja hapa Nairobi, na nilikuwa nimechelewa kumwendea kwa miezi minane.

Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kuandika makala. Nilipotoka chuo cha uanahabari na stashahada yangu mkononi, nilidhani hatari za kazi hii ni vitoa machozi na wanasiasa wenye hasira. Hakuna aliyenionya kuhusu kiti. Wala hakuna aliyenionya kuhusu meza, kipanya na kile kipakatalishi nilichokifungulia kochini tangu janga la korona lilipotufungia nyumbani mwaka wa 2020, shingo imeinama kama ya kuku anayedonoa mtama.

Ganzi ilianza usiku. Ningezinduka saa nane nikiukung'uta mkono wa kulia, mume wangu akidhani naota. Kulipopambazuka, ganzi ilikuwa imetoweka. Nikaulaumu mto. Nikailaumu baridi. Jirani akaniletea mafuta ya kuchua, nikajichua. Kisha vikombe vikaanza kuniponyoka.

Jumapili moja jioni (wewe uliye na binti anayesoma unaijua shughuli ya Jumapili jioni) nilimketisha wangu sakafuni kati ya magoti yangu ili nimsuke mistari ya shule. Nilishika nywele, zikateleza. Nikazishika tena, zikateleza tena. Vidole vyangu havikuzihisi kabisa. "Mama, mbona leo unanivuta tu?" akaniuliza. Nilimpeleka kwa jirani akamaliziwe, nikarudi nyumbani, nikajifungia bafuni na kulia.

Huenda ukaniuliza ni kwa nini sikwenda hospitalini mapema. Ukweli ni kwamba niliogopa. Wenzangu kadhaa walikuwa wamepewa barua za kuachishwa kazi mwaka huo. Ni mhariri gani angebaki na mwandishi asiyeweza kuandika? Basi nikaficha. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu kilikuwa hicho cha bafuni.

Daktari alinigongagonga kifundo cha mkono kwa ncha ya kidole, nikahisi kama umeme ukikimbilia vidoleni. Akanieleza kwamba hapo kifundoni pana njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na ukano mgumu. Ndani yake hupita kano zinazokunja vidole pamoja na neva moja inayovihudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Kano zikivimba, neva hubanwa. Kidole cha mwisho hakiguswi kwa kuwa kina neva nyingine. Ndiyo sababu kilikuwa kikinishangaza kwa uzima wake. Mtu akipuuza kwa muda mrefu, msuli ulio chini ya kidole gumba huanza kunywea. Wangu ulikuwa umeanza.

Naam, nilitaka kuitupia tarakilishi lawama zote. Daktari akanikataza. Alisema wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na kwamba kisukari, ujauzito na matatizo ya tezi ya shingo huchangia, akanipima sukari papo hapo. Ila kukikunja kifundo kwa saa nyingi, tena kikiwa kimeegemea ukingo wa meza, huzidisha shinikizo ndani ya ile njia. Nilimkumbuka mama.

Mama yangu alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Alipiga barua kwa taipureta ya chuma miaka mingi, na mikono yake ni mizima hadi leo. Nilipomweleza yaliyonisibu, hakunipa pole kwanza. Alitaka kuniona nikifanya kazi. Akanitazama nilivyojikunja, akaguna. "Sisi tulipigwa rula kwa kukaa hivyo," akasema. Chuoni walifundishwa kuketi wima, nyayo sakafuni, viganja vikielea juu ya vitufe. Halafu akauliza swali ambalo halijanitoka akilini: "Hiyo mashine yako hupumzika lini?"

Taipureta, mpenzi msomaji, ilikuwa na mapumziko yake. Kila mstari ulipoisha, mkono uliinuka kukirudisha kigari. Kila ukurasa ulipoisha, karatasi ilitolewa, nyingine ikapangwa na kaboni yake. Utepe ulichakaa ukabadilishwa. Barua ilipelekwa kwa bosi kwa miguu. Tarakilishi imetufutia yote hayo, nasi tukaita maendeleo. Hata hivyo, maradhi ya makarani si mageni: daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, mwanzoni mwa karne ya 18 aliwataja waandishi wa ofisini kuwa huumizwa na kuketi bila kuondoka, mkono kwenda vilevile kutwa nzima, na akili kukazwa isikosee.

Basi nilianza na meza. Kipakatalishi kina kasoro ya kuzaliwa: kiwambo na vitufe vimeunganishwa, hivyo ukiipendelea shingo unaitesa mikono. Nilikiinua juu ya rimu tatu za karatasi, ukingo wa juu wa kiwambo ukalingana na macho yangu, umbali wa mkono ulionyooshwa. Nikanunua kibodi na kipanya vya kando, nikaviweka mahali ambapo viwiko hukaa pembeni mwa mbavu bila mabega kupanda. Miguu yangu haikufika sakafuni vizuri. Kreti ya soda iliyopinduliwa ikalimaliza hilo. Aidha, kila baada ya nusu saa huinuka, hata kama ni kwenda kuchungulia sufuria.

Macho nayo yana kesi yao. Kwa kawaida mtu hupepesa kope kama mara 15 kwa dakika, lakini akikikodolea kiwambo idadi hiyo hushuka sana, macho yakakauka na kuchoma kama yaliyoingia mchanga. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Mimi hutazama mwembe wa jirani. Usikimbilie ile miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inayochuuzwa siku hizi. Uchunguzi wa Cochrane uliotolewa mwaka wa 2023 ulizipitia tafiti zilizopo na kuona kwamba huenda haipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi. Nilikuwa nimeshainunua. Watoto ndio wa kuchungwa zaidi: wafukuze nje wakacheze juani, kwani mtoto anayeshinda ndani akitazama vya karibu yumo hatarini kupata tatizo la kutoona mbali.

Nawe uliyeajiriwa, jua kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri aifanye sehemu ya kazi na vifaa vyake vimfae mfanyakazi. Nilimwandikia wangu barua nikiomba kiti. Kilifika baada ya miezi mitatu, mkono mmoja wa kuegemea haupo. Nilikipokea.

Daktari alinipa banzi la kuvaa usiku ili kifundo kisijikunje nikilala. Akaniambia wazi kwamba likishindwa itabidi nidungwe sindano, na sindano ikishindwa, ule ukano utapasuliwa. Wiki sita za kwanza sikuona tofauti. Wiki ya saba nililala hadi alfajiri.

Kisu sijakikwepa bado. Nitapimwa tena mwezi ujao. Lakini Jumapili iliyopita binti yangu aliketi sakafuni, kitana mkononi, akinihesabia. Tulisuka mistari minane, tukipumzika kila baada ya miwili. Minne iliyobaki ilimaliziwa na jirani.