Kiyoyozi cha Mjomba

Neno "kiyoyozi" nililikuta kamusini kabla sijakiona chenyewe. Kwetu Ogembo, katika milima ya Kisii, baridi hainunuliwi. Jioni twafunga madirisha tukaota moto. Hivyo, nilipofika Mombasa kwa mjomba Disemba moja, kaskazi ikivuma, nilikistaajabia chombo kile kama mtoto.

Mkazamjomba ana pumu. Kila usiku alikohoa, nasi tukalilaumu joto, tukazidi kukiwasha. Siku maji yalipoanza kuchuruzika ukutani, nilizima umeme nikafungua kifuniko. Lo! Chujio lilikuwa limevaa vumbi mithili ya ngozi ya kondoo, na kuvu nyeusi pembeni. Hewa ilipokosa njia, barafu iliganda juu ya mabomba ya ndani kisha ikayeyuka. Mpira wa kutolea maji nao ulikuwa umezibwa na utelezi. Nililiosha chujio kwa maji vuguvugu na sabuni, nikalianika kivulini, maana jua kali hupinda plastiki. Mpira niliuzibua kwa kuupuliza kwa mdomo, kazi ambayo sitaisimulia zaidi.

Usiku ule alikohoa mara mbili tu. Asubuhi akaniuliza, "Mwanangu, chujio hilo huoshwa kila baada ya muda gani?"

"Majuma mawili, msimu huu."

Mjomba alinyamaza. Chombo kile alikuwa nacho mwaka wa nne.