Kutoka Tandahimba hadi Mlimani: Njia ya Mtoto Anayetaka Kusoma Sheria

Hapa Tandahimba mtu akivamiwa shamba la mikorosho, au mjane akinyang'anywa nyumba na ndugu wa marehemu, jambo la kwanza huenda kwa wazee, la pili huenda baraza la kata, na likishindikana huko, huenda mahakamani. Hapo ndipo watu wengi hukwama. Wakili wengi wetu tunamfuata Mtwara, na nauli peke yake yatosha kumrudisha mtu nyumbani na haki yake mkononi mwa mwingine. Kwa hiyo si ajabu kwamba wazazi wengi hutamani mtoto wao mmoja awe mwanasheria. Lakini njia ya kufika huko hawaijui. Nami, kwa kuwa nilimsindikiza mpwa wangu mwezi wa Oktoba 2024 hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimeona vema niwaandikie wasomaji jinsi njia ilivyo, ili anayetaka kuipita asijikwae.

Wamakonde twajua kwamba mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba. Basi dada yangu aliponiambia, "Kaka, mtoto huyu ni wako, mfikishe," sikuwa na neno la kujibu.

VYETI KABLA YA SAFARI

Safari ya chuo haianzi kituo cha basi. Huanzia kwenye vyeti. Kazi yangu ni ukarani wa parokia, na kila mwaka, miezi ya Juni hadi Agosti, vijana hunijia mbio wakitaka cheti cha ubatizo. Wengi hudhani kwamba cheti hicho chatosha kuombea mkopo wa serikali. Hakitoshi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka cheti cha kuzaliwa, nacho lazima kihakikiwe na RITA. Cheti cha ubatizo ni ushahidi tu wa kumsaidia mtu aliyechelewa kuandikishwa apate hicho cha kuzaliwa, pamoja na kadi ya kliniki au cheti cha kumaliza shule.

Hapo ndipo shida hujitokeza. Katika kitabu chetu cha ubatizo mpwa wangu ameandikwa Skolastika. Shule ya msingi aliyosoma ilimwandika Scholastica. Masikio husikia jina lile lile, lakini karatasi hazina masikio. Tulianza kulishughulikia jambo hilo akiwa kidato cha tatu: parokia ikaandika barua, mama yake akala kiapo mbele ya wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na cheti cha kuzaliwa kikatoka na jina lile la shuleni. Tungengoja hadi matokeo ya kidato cha sita, muda wa kuomba mkopo ungekwisha tungali tukipigania herufi. Wazazi, fungueni masanduku yenu leo. Linganisheni majina herufi kwa herufi. Watoto wa chini ya miaka 5 huandikishwa na kupewa cheti bure katika ofisi za kata na vituo vya afya, basi hao wadogo msiwaache wafikie shida ya wakubwa wao.

HESABU MBILI ZA MATOKEO

Katika nchi nyingine, kama Marekani, anayetaka kusoma sheria hufanya mtihani wa pekee wa kuingilia. Kwetu Tanzania mtihani wa kidato cha sita ndio mlango wenyewe. Lakini matokeo yake huhesabiwa kwa njia mbili, na wazazi wengi huchanganyikiwa.

Njia ya kwanza ni ya divisheni. Humo A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5, nayo huhesabiwa kwa masomo matatu. Kadiri hesabu inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa bora. Kuanzia 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza. Njia ya pili ni ya kuingilia chuo kikuu. Humo mambo hugeuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hapo hesabu kubwa ndiyo bora. Kima cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi 4. Lakini hicho ni kizingiti cha kufikia baraza tu. Kila chuo chaweza kudai zaidi, na masomo ya sheria hugombewa na wengi.

Mpwa wangu alisoma Historia, Kiswahili na Kiingereza. Alipata B, B na C. Kwa divisheni ni 7. Kwa hesabu ya chuo ni 11. Jirani mmoja aliposikia 7 na 11 akadhani tunamficha jambo. Nilimwandikia hesabu zote mbili kwenye kipande cha karatasi, akaridhika.

Kiingereza chake kilimsaidia. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nasi wanakijiji tumefurahi sana. Lakini chuoni sheria bado hufundishwa kwa Kiingereza, na hukumu za zamani, ambazo mwanafunzi hana budi kuzisoma kwa mamia, ziko kwa lugha hiyo. Mtoto anayekikimbia Kiingereza na huku anaitamani sheria, aambiwe ukweli mapema.

Jambo jingine: matokeo hutoka mwezi wa Julai, wakati vijana wengi wako katika makambi ya JKT. Binti yetu alikuwa ameniachia ukurasa wa daftari wenye majina ya vyuo alivyovitaka, cha kwanza hadi cha mwisho, pamoja na namba yake ya mtihani. Mimi nikakaa katika duka la kuchapa barua hapa mjini nikamjazia. Anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hupewa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja tu, nayo hutumwa kwenye simu. Basi simu iliyoandikwa kwenye fomu iwe ya mtu anayeangalia simu yake, wala isiwe ya mtu anayebadili laini kila mwezi.

SAFARI YENYEWE

Tuliondoka Tandahimba alfajiri. Ulikuwa msimu wa korosho. Magunia yalikuwa yamepangwa kwenye maghala ya vyama vya msingi yakingoja mnada, na wengi wetu tulikuwa hatujalipwa bado. Hilo ni jambo la kufikiri sana: chuo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, wakati korosho ya mwaka huo haijageuka fedha. Dada yangu alikuwa ameweka akiba ya korosho za mwaka uliotangulia. Asiyeweka akiba hiyo hulazimika kukopa kwa walanguzi, au kuuza korosho kwa kangomba kwa bei ya kuumiza.

Basi lilishuka kwa vumbi jekundu hadi Mnivata. Kutoka hapo lami ilitupokea, tukapita Naliendele hadi Mtwara. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Tulipita Mikindani na bahari yake tulivu, tukaiacha Lindi, tukafika Nangurukuru ambapo njia ya Kilwa huchepuka. Huko Somanga abiria walinyamaza wakatazama nje. Mvua za mwezi wa Mei mwaka ule, wakati wa kimbunga Hidaya, zilikuwa zimeikata barabara hiyo, Kusini nzima ikatengwa na Dar es Salaam kwa njia ya gari.

Baadaye tukavuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, ambalo urefu wake ni karibu kilomita moja. Wazee waliokuwamo ndani ya basi walisimulia jinsi walivyokuwa wakilala kando ya mto wakingoja kivuko, kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, Mkapa naye alipita njia hii kwenda kusoma?" Nikamwambia kwamba Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alisoma Ndanda, Kigonsera na Pugu, kisha Makerere huko Uganda. Zamani hizo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja.

WANAFUNZI 14 WA MWAKA 1961

Na hapa yafaa tukumbuke mwanzo. Kabla ya mwaka 1961, kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kuwa mwanasheria hakuwa na chuo kikuu cha kumfundisha hapa kwetu. Wengi walikwenda Uingereza. Makerere haikuwa ikifundisha sheria. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilianza na somo moja tu, nalo ni sheria, kikiwa na wanafunzi 14, katika jumba la TANU mtaa wa Lumumba. Walitoka Tanganyika, Kenya na Uganda. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Chuo kilihamia kilimani karibu na Ubungo mwaka 1964, na tangu hapo watu hukiita Mlimani. Baadaye Mkenya Willy Mutunga alisoma sheria hapo hapo, akawa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011.

Nilimwonyesha mpwa wangu Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa katika noti ya shilingi 500. Alicheka, akasema kwamba ameushika mkononi miaka mingi bila kujua kwamba yuko njiani kuuendea.

KITANDA

Sasa nije kwenye jambo linalowaliza wazazi kuliko ada. Mtoto akichaguliwa, wengi hudhani kitanda kimo ndani ya barua. Hakimo. Kitanda huombwa peke yake, hulipiwa peke yake, na vitanda havitoshi. Mlimani kuna mabweni ya zamani, kuna bweni la Mabibo, na kuna mabweni ya Magufuli, majengo 20 yaliyofunguliwa Aprili 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Binti yetu aliomba siku ile ile mlango wa maombi ulipofunguliwa, akapata.

Lakini katika basi letu alikuwamo kijana wa Newala aliyekuwa akienda chuo kingine mjini. Yeye hakuwa na kitanda. Alimpigia dalali aliyeelekezwa na mtu asiyemjua vizuri, akamtumia kwa simu fedha ya chumba ambacho hakukiona. Tulipofika Dar es Salaam simu ya dalali ikawa haipatikani. Fedha ile ilikuwa ya magunia mawili ya baba yake. Usiku ule tulilala naye kwa ndugu yangu huko Mbagala, watu watano chumba kimoja, na kesho yake akapokewa na mwanafunzi mwenzake wakalala kitanda kimoja. Wanafunzi huita jambo hilo kubebana.

Basi shikeni haya: mwenye nyumba mjini hutaka kodi ya miezi 6 au mwaka kwa mara moja, na dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Fedha isitoke kabla macho hayajaona chumba na mkono haujashika hati. Makongo, Changanyikeni, Msewe na Sinza wapo watu wa kwetu. Mtafuteni mmoja mapema.

MLANGO WA PILI NA NJIA NYINGINE

Shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada yake kuna Law School ya Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambako hujifunza kazi yenyewe kwa vitendo. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka: katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia mitihani 342, na waliofeli kabisa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Siandiki haya kuwatisha wazazi. Nayaandika ili mtu asiuze shamba lote kwa mwaka wa kwanza akasahau kwamba mwisho wa njia kuna mlima mwingine.

Naye aliyepata alama ndogo asikate tamaa. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, hufundisha astashahada na stashahada ya sheria, na mwenye stashahada nzuri aweza kuendelea na shahada. Sheria hufundishwa pia Mzumbe na Dodoma, na katika vyuo vya Kanisa, kama Mtakatifu Agustino Mwanza na Ruaha kule Iringa. Aliye kazini aweza kusoma Chuo Kikuu Huria bila kuacha shamba wala familia.

Mpwa wangu amenipigia simu majuzi. Anasema kazi ni nyingi na usingizi ni kidogo. Mama yake amekwisha tenga gunia la kwanza la msimu huu, ameliandika jina lake kwa mkaa, na hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kuligusa. Nanyi wenye watoto kidato cha tatu, anzeni na vyeti wiki hii.