Mgonjwa Naye Aulizwe



Bartimayo alikuwa kipofu, na watu wa Yeriko walilijua jambo hilo. Hata hivyo Bwana wetu, kabla ya kumponya, alimwuliza anataka atendewe nini (rej. Mk 10:46-52). Juma hili tulitafakari swali hilo kwa ajili ya ndugu zetu wenye shinikizo la damu, kisukari na maradhi mengine ambayo dawa zake humezwa maisha yote.

Katika kijiji kimoja, si mbali na Bariadi mjini, mama mmoja mzee alikuwa akirudi kliniki kila mwezi na vidonge vinne vilivyobaki. Wahudumu walimwonya, wanawe wakamkaripia kwa usahaulifu. Aliponisimulia nilimwuliza, “Mama, hivyo vinne ni vya siku zipi?” Akajibu kwa sauti ya chini, “Ni vya Dominika, Baba. Asubuhi ya kumpokea Bwana sithubutu kutia kitu kinywani.” Kumbe kumbukumbu yake ilikuwa timamu kabisa!

Basi na ifahamike kwa wote: kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa inatudai kufunga walau saa moja kabla ya Komunyo, lakini maji na dawa havivunji mfungo huo. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza wanaweza kukomunika hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Dawa ya kumezwa pamoja na chakula, na imezwe hivyo.

Nchi yetu imekwisha kujifunza faida ya kumsikiliza mgonjwa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na kwa miaka mingi mgonjwa wa kifua kikuu alitakiwa kumeza dawa mbele ya mhudumu wa afya. Mwaka 2006 ulianza utaratibu wa kumwachia achague: ameze kituoni, au nyumbani chini ya uangalizi wa mtu anayemwamini. Kwa mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu, ambaye kituo kiko mbali na shamba linamngoja, uchaguzi huo waweza kuwa ndio tofauti kati ya kumaliza dozi na kuiacha njiani.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kumkaripia mzee wako, mwulize. Huenda kidonge kinamtia kizunguzungu. Huenda fedha imekwisha, naye anaona haya kusema. Nawe uliye mgonjwa, usipunguze wala kuacha dawa kimyakimya. Siku ya kliniki chukua dawa zako zote, pamoja na miti shamba, umwoneshe tabibu na kumweleza ukweli wa maisha yako. Hawezi kutibu asichokijua.

Mama yule sasa humeza kidonge chake kila Dominika kabla ya kuanza safari ya kanisani.

Nawatakieni Dominika njema, na Mungu awabariki.