Mtoto Hapazi Sauti



Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya macho ya watoto wetu wadogo. Huenda mtu akauliza: Padre ana nini na mambo ya macho? Je, hiyo si kazi ya zahanati? Nami ningeuliza hivyo hivyo, kama si kijana mmoja wa parokia yetu ambaye nilimkosea. Kosa lenyewe nilikwisha kuliungama, na yeye mwenyewe nilikwisha kumwomba radhi. Lakini nilimkosea mbele ya watu, kisha nikamwomba radhi sakristiani tukiwa watu watatu tu. Hesabu hiyo haijakaa sawa. Yeye na mama yake wameniruhusu niisimulie hapa, mradi nisitaje jina.

Ilikuwa mwaka 2015, katika kigango kimoja cha nchi yetu hii kavu ya Dodoma. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka 9, naye alikuwa katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Sala zote alizijua kwa moyo. Lakini kila nilipoandika ubaoni, aliinuka mahali pake na kusogea mbele mpaka karibu na ubao. Nilimrudisha nyuma mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu nikamwamuru akae benchi la mwisho kabisa, iwe fundisho kwa wengine. Alipopewa kitabu asome, alikiinua mpaka kikamgusa pua, wenzake wakacheka, nami sikuwakataza. Jicho lake la kulia lilikuwa na makengeza tangu utotoni. Watu walisema ni alama ya ukoo, kwa kuwa babu yake naye alikuwa nayo.

Siku ya kusoma majina ya watakaopokea, nilitangaza kwamba huyu atasubiri mwaka mmoja kwa sababu ya uvivu. Mama yake alinifuata nje, akasema kwa upole, "Padre, huyu mtoto kila Dominika hunisimulia Injili yote jioni, neno kwa neno." Nikamjibu, watu wakisikia, "Mama, kusikia si kusoma. Mtoto wako ana kichwa kigumu." Aliinamisha kichwa, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Miezi michache baadaye ilifika timu ya wataalamu wa macho katika zahanati ya jirani. Walikuja hasa kwa ajili ya wazee waliosumbuliwa na vikope. Muuguzi mmoja alipoona watoto wanacheza uwanjani, aliwaita, akabandika ukutani karatasi yenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, akawasimamisha umbali wa mita 6, akawaambia waonyeshe kwa vidole herufi inaelekea wapi. Mtoto wetu alipozibwa jicho la kulia, aliona ile E kubwa ya juu peke yake. Alipozibwa la kushoto, hakuona hata hiyo. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijisikia kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Alipelekwa hospitali kubwa, akapimwa, akapewa miwani. Jicho la kushoto lilipata kuona vizuri kabisa. La kulia lilipata nafuu kidogo tu. Daktari alitueleza kwa subira. Jicho peke yake halioni: ubongo nao hujifunza kuona, na shule yake ni miaka ya kwanza ya maisha, hadi kufikia miaka 7 au 8 hivi. Jicho moja likileta picha yenye ukungu, au likiwa limepinda, ubongo huliacha na kulitegemea lile jingine. Lililoachwa hulala, na ndiyo maana wengine huliita jicho vivu. Mtoto akiletwa mapema, hupewa miwani, na pengine jicho zima huzibwa kwa saa kadhaa kila siku ili lile lililolala lilazimike kufanya kazi. Akichelewa, miwani huweza kusafisha picha, lakini ubongo haujui tena kuisoma vema. "Angeletwa akiwa na miaka 3 au 4," alisema daktari, "tungefanya mengi zaidi."

Dominika ya kwanza aliyovaa miwani, mtoto huyo alibaki kanisani baada ya Misa. Nilimkuta amesimama katikati, ametazama juu nyuma ya altare. Akaniuliza, "Padre, kumbe pale msalabani kuna Mtu?"

Miaka yote ile alikuwa akiona msalaba tu.

Ndugu msomaji, nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Yule kipofu wa Yeriko alijua kwamba haoni, akapaza sauti njiani, na waliomnyamazisha hawakufaulu. Mtoto hapazi sauti. Hajui kwamba haoni, kwa sababu hajawahi kuona kwa namna nyingine. Hudhani kila mtu huuona ulimwengu vile auonavyo yeye. Kwa hiyo wajibu wa kugundua si wake, ni wetu sisi wakubwa. Na sisi tusipotazama, huliita tatizo lake kwa majina mengine: uvivu, utukutu, kichwa kigumu.

Basi tutazame nini? Kwa mtoto mchanga, tazama mboni. Katikati ya jicho panapaswa kuwa peusi. Ukiona weupe hapo, au ukipiga picha kwa simu yenye mwanga, jicho moja likatoka jekundu na jingine jeupe, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke hospitali mara moja. Weupe huo huweza kuwa mtoto wa jicho, kwani ugonjwa huo si wa wazee tu. Wako watoto wanaozaliwa nao, na kadiri upasuaji unavyochelewa ndivyo uoni unavyopotea. Au huweza kuwa saratani ya jicho, ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Hiyo ikiwahiwa, mtoto hupona. Ikicheleweshwa, huchukua uhai. Mboni nyeupe si urembo wala si uchawi.

Mtoto wa miezi mitatu amfuate mama kwa macho. Makengeza yakiendelea baada ya miezi minne, apimwe, hata kama babu alikuwa nayo. Mzibe jicho moja kwa kiganja wakati wa mchezo, kisha jingine. Akilia na kuusukuma mkono unapoziba upande mmoja tu, huenda upande huo ndio anaoutegemea. Kwa mkubwa kidogo, angalia kama anakaribia mno kitabu au televisheni, anainamisha kichwa upande, anakunja macho, au anajikwaa sana giza linapoingia.

Hilo la giza lanikumbusha chakula. Upungufu wa vitamini A huanza na kutoona usiku, na huweza kuishia kwa kioo cha jicho kuharibika, hasa mtoto anapougua surua. Chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na tena miezi 18. Matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mara mbili kwa mwaka. Shambani kwetu hatukosi mchicha, majani ya kunde, maboga, mapapai na viazi lishe vya rangi ya chungwa. Tusiuze vyote sokoni na kumwachia mtoto ugali mtupu.

Tuje kwenye nzi na tongotongo, jambo ambalo sisi wa Dodoma tunalifahamu mno. Ugonjwa wa vikope huanzia kwa watoto wadogo wenye nyuso chafu, ukarudiarudia, hata ukubwani kope zikageukia ndani na kukwangua jicho. Katika vijiji vya Kongwa, hapa mkoani kwetu, watafiti walithibitisha katika kazi iliyotolewa mwaka 1995 kwamba watoto waliodumishwa nyuso safi walipungukiwa na hatari ya vikope vikali. Najua maji yako mbali. Lakini kwa uso wa mtoto kikombe kimoja kinatosha. Jirani zetu wa Malawi, wenye shida kama zetu, walithibitishwa mwaka 2022 kwamba vikope si tatizo tena la afya ya jamii kwao. Nasi tunaweza.

Sasa neno gumu kwa mabibi na mama zangu wapendwa. Macho ya mtoto yakiwa mekundu, msitie maji ya majani, wala asali, wala maziwa ya mama, wala mkojo. Najua mwafanya hivyo kwa upendo, lakini jicho huweza kuoza kwa siku chache. Msitumie pia dawa ya matone aliyoandikiwa jirani. Mtoto aliye chini ya mwezi mmoja akitoa usaha machoni, aende zahanati siku hiyo hiyo.

Na wanaocheza kwa manati na mishale ya miti, tuwaonye. Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, mtoto wa miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa ngozi. Ugonjwa ukahamia jicho la pili, naye akawa kipofu kabisa. Huyo ndiye Louis Braille, aliyevumbua maandishi ya nukta wayasomayo wasioona duniani kote. Watu humkumbuka yeye, na ni haki. Mimi humkumbuka pia Padre Jacques Palluy, paroko wa kijiji kile, aliyemfundisha mtoto huyo na kusaidia apate shule. Padre yule alikuwa na mtoto asiyeona kabisa, akamleta karibu. Mimi nilikuwa na mtoto aliyeona kidogo, nikampeleka benchi la mwisho.

Kwa hiyo, kuanzia Dominika ijayo, karatasi ya herufi E itabandikwa katika ukumbi wa parokia, na muuguzi wa zahanati atakuwapo baada ya Misa ya pili. Kila mtoto anayeanza mafundisho atapimwa, na wazazi waje na wadogo zao pia. Watakaohitaji zaidi tutawaelekeza kwa wataalamu: Mvumi hapa Dodoma, au CCBRT na Muhimbili kule Dar es Salaam, au KCMC kule Moshi. Jumuiya zetu ndogo ndogo zisaidie nauli ya asiyeweza. Na makatekista wangu, nawasihi: mtoto akiinuka kusogea ubaoni, msimrudishe nyuma. Mwulizeni anaona nini.

Kijana wetu sasa ni mtu mzima, na miwani yake haimwondoki usoni. Mama yake ndiye aliyenifungulia mlango wa msamaha siku ile sakristiani, kwa kusema tu, "Padre, hata mimi niliyemzaa sikujua." Mama, nilikuita hadharani mzazi wa mtoto mwenye kichwa kigumu. Hadharani nasema: kichwa kigumu kilikuwa changu.

Nawatakieni nyote Dominika njema.

Padre wenu, paroko