Hedi za EJ20, Bloki ya EJ25

Jumamosi, 3 Februari 2024

Tumeifungua ile Impreza STI ya kijana wa South B. Chini kumeoza: beringi ya koni rodi imekwisha, na krankishafti imekwaruzika mpaka ukipitisha kucha inanasa. Lakini hedi zake za EJ207 ni nzima kabisa. Ndipo akaja na wazo la haibridi: hedi za lita mbili juu ya bloki ya EJ25. (Baba yake alidhani tunataka kuweka betri na mota ya umeme. Ilibidi nimweleze kwa simu.)

Bloki tumeipata Grogan, imetoka kwenye Legacy 2.5 GT. Kipenyo cha silinda ni mm 99.5 na mwendo wa pistoni ni mm 79. Ya kwake ilikuwa 92 kwa 75. Pistoni za kiwandani sizirudishi. Za EJ25 yenye turbo zina sifa ya kupasuka pale kwenye vijia vya ringi ukiongeza busti kidogo tu. Ataagiza za kufuliwa.

Swali lake la kwanza: "Fundi, turbo gani?" Nikamwambia asubiri. Hedi ndiyo inayoamua uwiano wa mgandamizo, na mgandamizo ndio unaosema petroli yetu itavumilia busti kiasi gani. Injini hii ilizaliwa Japani, ambako petroli ya daraja la juu ni oktani 100 hivi. Ya vituo vyetu haifiki hapo.

Jumanne, 6 Februari

Leo nimepima vyumba vya mwako. Hedi imelazwa chali, plagi na vali zimefungwa, grisi nyembamba imezunguka ukingo, juu yake kipande cha kioo cha plastiki chenye tundu. Unaingiza mafuta ya taa kwa sindano polepole mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Vyumba vyote vinne vimesoma cc 51, tofauti ya matone tu.

Hesabu ni hii. Silinda moja ya EJ25 inafagia cc 614. Juu yake nina 51 za hedi, 5.5 za gasketi ya chuma ya mm 0.7, na kama 22.4 za bakuli la pistoni. Jumla 79 hivi, yaani mgandamizo wa 8.8 kwa 1. Si wa kutisha, ila juu ya turbo unanifanya niwe macho. EJ25 ya STI ilitoka kiwandani ikiwa 8.2.

Halafu kuna ule ukingo. Hedi imechongwa kwa silinda ya 92, sasa inakaa juu ya 99.5, kwa hiyo pande zote kuna bapa la mm 3.75 linaloning'inia ndani ya silinda. Nimempelekea Mzee wa mashini kule Industrial Area. Yeye hataki kulikata. Anasema pistoni ikipanda, bapa hilo linabana mchanganyiko na kuusukuma kwenye plagi, moto unawaka vizuri zaidi. Tulainishe kona kali tu zisije zikawa nyekundu kama plagi ya pili. Mzee ana hoja, na kwa injini isiyo na turbo ningemfuata bila kubisha. Lakini kijana huyu anateremka Mombasa kila mara, kwenye hewa nzito na joto. Tunakata. Chumba kifike 54, mgandamizo ushuke hadi 8.5.

Jumapili, 11 Februari

Sasa turbo. Kijana ana picha ya Garrett GT3582R kwenye simu na ananionyesha kama picha ya mchumba.

Watu wanachagua turbo kwa kunakili magari ya nchi zilizo usawa wa bahari. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu. Hewa inatusukuma kwa bar 0.83 hivi, si 1.01. Geji ikisoma busti ya 1.2, pale Mombasa turbo inakuwa imezidisha presha ya hewa mara 2.2. Hapa Nairobi, geji ikisoma 1.2 ile ile, imezidisha mara 2.45. Inazunguka kasi zaidi, inachemsha hewa zaidi, na bado injini inapata kidogo.

Nimekadiria injini hii kwenye mizunguko 6,500 itataka gramu 280 za hewa kwa sekunde. VF37 iliyokuja na gari itakuwa inahema kabla ya hapo. Iliwekwa kwa ajili ya lita mbili. Ile Garrett itazitoa ikiwa imelala, lakini haiamki vizuri mpaka 4,500, na kule Mai Mahiu unapita lori ukiwa kwenye 3,000. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza ambayo turbo yake ilivuta hewa kupitia tundu la mm 34, kama kanuni zilivyotaka. Nguvu ya juu ilibanwa. Kilichobaki kilikuwa msukumo wa katikati. Ndiyo barabara zetu mpaka leo.

Nimeamua: TD05H-20G, ya ukubwa wa katikati ya hizo mbili.

Alhamisi, 22 Februari

Amekubali, ila si kwa hesabu zangu. Kilichomshinda ni mlio. VF37 ina njia mbili za eksozi, na manifoldi yake inaoanisha silinda 1 na 2, kisha 3 na 4, mabomba yakiwa marefu sawa. Mapigo yanafika kwa mpangilio na ule mngurumo wa Subaru unapotea. 20G ni ya njia moja, na tunaiwekea manifoldi ya mabomba yasiyolingana. Nilipomwambia gari litanguruma, bei haikuulizwa tena.

Busti itaendeshwa na kompyuta kwa presha kamili, yaani ya busti na ya hewa ya nje pamoja. Kile kidhibiti cha kuzungusha kwa mkono nimekitoa: hakijui ameteremka pwani, na kwa geji ile ile kingempa hewa zaidi kwa karibu asilimia tisa, kwenye joto la Mombasa.

Jumamosi, 9 Machi

Hedi zimerudi, zimeskimiwa, 54 kila chumba. Gasketi ni ya silinda ya 99.5, nimeikagua mara mbili kwa sababu dukani walinipa ya lita mbili. Boliti yenye tundu ya oili ya turbo nimeifungua: ndani kuna kichujio kidogo cha wavu, kimejaa masizi meusi mazito. Hicho kikiziba, shafti ya turbo inakauka. Nimekitupa, naweka paipu mpya.

Jioni kijana amepiga simu. Anataka vali ya kumwaga hewa nje, ile ya "pshii". Nimemweleza kwamba kipima hewa cha gari lake kimeshaihesabu hewa hiyo, na ikimwagwa nje petroli inazidi kila akibadili gia. Akanyamaza kidogo.

"Na nikiiwasha Jumapili tu, Fundi?"