Kwetu Hakuna Kitu

Ndugu msomaji, usishtuke nikikuambia kwamba nimewahi kusema uongo kanisani. Tena si kule nyuma kwenye mabenchi ya wasinziaji, bali mbele kabisa, hatua chache tu kutoka madhabahuni. Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno matatu: "Kwetu hakuna kitu."

Ilikuwa Unguja, mwaka 2022. Mimi mtoto wa Kongwa, niliyekulia kwenye vumbi na mibuyu, nilikuwa nimedunduliza mwaka mzima vijisenti vya kubeba magunia ya mahindi pale Kibaigwa, ili na mimi niende nikatalii. Si unajua tena, kijiweni kwetu aliyekwisha kupanda boti ndiye mwenye kauli. Nilitaka picha, na zaidi ya picha nilitaka stori. Niliamini kwamba mwandishi asiyetoka kwao hana cha kuandika.

Basi nikazunguka Mji Mkongwe mpaka miguu ikawaka moto. Nikaiona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kung'olewa. Nikasimama nje ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Kuingia haikuwezekana, maana sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Shangani nikaoneshwa nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Kila mahali nikawa nasema peke yangu, "Duh! Wenzetu wana historia, bwana."

Mwisho tukafika Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na mahali hapohapo Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi wa kanisa la Waanglikana. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu wenye minyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs. Nikazitazama, koo likanikauka.

Ndani ya kanisa tulikuwa watatu: mimi, mzee mmoja mwenye kofia aliyekuwa akitutembeza, na mama mmoja wa makamo kutoka kisiwa cha Malta. Mama yule alikuwa mcheshi. Akasema kwao kuna ngome zilizozingirwa na Waturuki mwaka 1565, na watu hutoka pande zote za dunia kwenda kuziona. "Mimi naishi jirani tu, na sijaingia tangu nilipokuwa shule," akasema, akacheka. Kisha akanigeukia: "Na kwenu je, kuna nini cha kuona?"

Ndipo nikatoa yale maneno matatu.

Mzee hakusema kitu. Alingoja yule mama aende kupiga picha za madirisha, kisha akanisogelea.

"Mwanangu, si umeniambia watoka Dodoma?"

"Ndiyo mzee. Kongwa."

"Ehe. Sasa hebu nambie, pembe za ndovu zilizojenga majumba yote haya uliyoyaona leo, zilivuliwa baharini?"

Nikabaki kimya. Akanieleza taratibu. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapanda bara hadi Mpwapwa, ikakata nyika kavu na kuingia Ugogo, ndipo iendelee Tabora na Ujiji. Ugogo hakukupitwa bure. Watemi walidai hongo: nguo, shanga, nyaya za shaba. Msafara usiolipa haukuchota maji. "Matajiri wa hapa waliwaogopa babu zako," akasema, akitabasamu.

Kwanza nilitaka kutamba. Babu zangu walitoza ushuru matajiri wa Unguja! Lakini tulipotoka nje macho yakarudi kwenye ile minyororo. Misafara iliporudi pwani haikuwa na pembe tu. Ilikuwa na watu. Waliofungwa vile walipita kwetu, wakanywa maji ya visima vyetu, na hongo ikapokelewa. Huenda kuna babu aliyelia. Huenda kuna babu aliyehesabu shanga zake. Nilikuwa nimelipa nauli ya basi na boti kwenda kuililia historia iliyopita mlangoni kwetu.

Niliporudi Kongwa sikwenda kijiweni. Nilikwenda moja kwa moja kwa babu, mzee wa miaka 90, nikampa "mbukwenyi" yake, nikafungua daftari. Babu huyu alipokuwa akianza "enzi za karanga..." sisi wajukuu tulikuwa tukitoroka mmoja mmoja.

Jioni ile sikutoroka. Akasimulia jinsi Waingereza, waliopungukiwa mafuta ya kula baada ya vita, walivyokuja mwaka 1947 kulima karanga. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Mnyororo mnene wa meli ukafungwa kati ya mashine mbili, ukakokotwa porini, na miti ikalala. Mibuyu ikagoma. Mvua ikagoma. Ardhi ikakauka ikawa kama tofali, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ikanyoosha mikono, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeyeyuka.

Halafu mwaka 1964, kwenye mabaki hayohayo, wakaja vijana wa kusini: ANC, FRELIMO, SWAPO na wengine. Wakapiga kambi, wakijiandaa kwenda kukomboa nchi zao. Chris Hani alikaa hapa. Wengine hawakurudi kwao. Makaburi yao yako Kongwa, na mimi, mtalii wa Unguja, nilikuwa sijawahi kuyakanyaga.

"Mmoja alikuwa rafiki yangu," babu akasema. "Alikuwa akija hapa kunywa uji. Kijana mpole, wa Afrika Kusini."

"Alikuwa anaitwa nani, babu?"

Babu akafumba macho. Akakuna kichwa. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka bibi akamletea chai.

"Juzi nilikuwa nalo, mjukuu wangu," akasema. "Juzi tu nilikuwa nalo."

Juzi mimi nilikuwa Shangani, napiga picha mlango.

Mwandishi mwenzangu, nenda visiwani, nenda hata Malta ukijaliwa. Ila kabla hujapanda basi, kaa kwanza na mzee wako, umwulize majina. Mimi bado naenda kwake kila jioni na daftari. Ule mstari bado mtupu.